Mfarishi wa Mgonjwa

Neno mfarishi ni la siku nyingi katika Kiswahili. Limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutandika. Kitu chenyewe ni nguo ya tabaka tatu: juu kuna uso, ambao aghalabu huungwa kwa vipande vya nguo za rangi mbalimbali, katikati hutandazwa pamba, chini kuna bitana, na sindano hupita katika tabaka zote, bandi baada ya bandi, hata zote tatu zikawa nguo moja. Watu wa pwani walilijua neno hili kwa sababu ya biashara yao na Arabuni na Bara Hindi. Katika Usukuma halina watumiaji wengi, nalo ni jambo la kustaajabisha, maana hapana sehemu ya Tanzania inayojulikana kwa pamba kuliko Usukuma.

Lagangabilili, makao makuu ya wilaya ya Itilima, umo katika kiini cha nchi hiyo ya pamba. Wilaya yenyewe na mkoa wake wa Simiyu viliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sehemu hiyo ilikuwa chini ya Bariadi, na kabla ya Bariadi ilikuwa chini ya Maswa. Na zama za watemi, Itilima ilikuwa na utemi wake. Kila mwaka pamba hutoka huko kwa marobota, na kila mwaka wako wagonjwa katika nyumba za huko wanaongojea mauti juu ya mkeka au godoro lililochakaa, wamefunikwa khanga moja. Mambo haya mawili yana historia moja.

Zamani pamba haikusafiri mbali. Richard Burton na John Speke walipopita Unyamwezi katika mwaka wa 1857 na 1858 waliona vitanda vya mfumi, na watu wakisokota pamba ya nchini mwao na kuifuma. Nguo hizo zilikuwa nzito na za kudumu, walakini kazi yake ilichukua siku nyingi, ilhali njia ya misafara ilikuwa imekwisha kuleta nguo iliyopatikana kwa siku moja tu ya kubadilishana. Nguo hiyo iliitwa merikani. Jina lake lataja lilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, walifanya mkataba wa biashara, na mwaka 1837 Richard Waters akaja Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi hiyo. Merikebu za Salem zilileta nguo nyeupe isiyotiwa rangi, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Barani merikani ilikuwa nguo na fedha pia: hongo ililipwa kwa doti, na mshahara wa mpagazi ulihesabiwa kwa doti. Pamba iliyofanya nguo hiyo ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, watu ambao wengi wao babu zao walitolewa Afrika. Mfumaji wa Unyamwezi hakuweza kushindana na jasho lisilolipwa ujira.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani. Pamba ya kusini ikakosa njia ya kwenda viwandani, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Bara Hindi na Uingereza zikaingia mahali pake. Katika miaka hiyo hiyo wanawake wa majimbo ya kaskazini walikuwa wakikutana majumbani na makanisani kushona mifarishi ya hospitali za askari. Kamisheni ya Afya ya Marekani, iliyoundwa mwaka huo wa 1861, ilikusanya mifarishi hiyo kwa maelfu mengi, nayo ilishonwa myembamba, kadiri ya kitanda cha mtu mmoja. Ni michache mno iliyosalia hata leo. Mingine iliishia kuchakaa, na mingine ilizikwa pamoja na waliofunikwa.

Mfarishi wa namna hii haukuwa kazi ya mtu mmoja. Kitambaa kilitandwa juu ya fremu ya mbao, wanawake sita au wanane wakakaa pande zote, kila mmoja akishona mbele yake mpaka mistari ikakutana. Mazungumzo yaliendelea wakati sindano zikienda. Msukuma angaliona jambo hilo hangalishangaa, kwa kuwa lilifanana na elika, kundi la vijana wanaolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, kwa nyimbo na ngoma, na mwenye shamba huwapa chakula au mnyama. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi jembe na wimbo vilivyokuwa kitu kimoja kwao. Ni mashamba ya pamba hasa yaliyoyapa makundi hayo nguvu katika karne ya 20.

Habari za pamba hiyo zajulikana na wengi, basi zitatajwa kwa ufupi. Wadachi waliihimiza, Waingereza wakaiendeleza kwa mbegu za kituo cha Ukiriguru, na wakulima wenyewe, wakiongozwa na Paul Bomani, wakaunda mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya Waafrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha nguo cha Mwatex kilijengwa Mwanza. Kwa muda mfupi pamba ya Usukuma ilivaliwa Usukuma. Kisha ushirika ulivunjwa mwaka 1976 na viwanda vikadhoofika katika miaka ya 1980 na 1990. Tangu hapo sehemu kubwa ya pamba huchambuliwa, hufungwa marobota, na kupelekwa ng'ambo. Nguo hurudi kwa njia ya mitumba.

Sasa yafaa kumtazama mgonjwa. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa ameanza kwa uuguzi kabla ya kusomea udaktari, alifungua London hospitali ya St Christopher's kwa ajili ya watu wasiotumaini kupona. Alifundisha kuwa maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili peke yake. Yamo ya moyo, ya jamaa anaowaacha, na ya roho. Mahali pa uuguzi huo paliitwa hospisi, na elimu yake leo kwa Kiswahili huitwa tiba shufaa. Katika Afrika hospisi ya kwanza ilianzishwa mwaka 1979 huko Salisbury, mji ambao sasa ni Harare. Hospisi ya Nairobi ikafuata mwaka 1990. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na dawa yake kubwa ilikuwa mofini ya maji, unga uliokorogwa na kutiwa chupani, ambayo mgonjwa aliweza kuinywa nyumbani kwake. Katika Tanzania hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kazi hii mwaka 1999, na Muheza mkoani Tanga pakawa na hospisi yake.

Jambo moja lilibadilika wazo hili lilipovuka bahari. Uingereza hospisi ilikuwa nyumba, yenye vitanda vyake na mashuka yake. Afrika Mashariki hospisi ilikuwa mwendo: muuguzi na mfuko wake wa dawa akienda kwa gari, kwa baiskeli au kwa miguu hadi mlangoni kwa mgonjwa. Sababu yake ni umaskini, lakini si umaskini tu. Watu walitaka kufa kwao, karibu na makaburi ya wazee wao. Tena UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulileta wagonjwa wengi kuliko vitanda vyote vya serikali na misheni, na mpaka dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, jamaa waliuguza wenyewe. Basi kila kilichokuwa cha hospitali kikawa cha mwenye nyumba: kulisha, kugeuza, kuosha, kufunika. Muuguzi huacha mofini. Blanketi haachi.

Mtu aliyeuguza mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ni ya kwanza kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, ajua kwa nini nguo ni sehemu ya dawa. Mgonjwa hutokwa na damu na maji yenye harufu, na huona haya. Tandiko hubadilishwa mara nyingi kwa siku. Nyumba yenye mashuka mawili haiwezi. Jamaa huanza kuketi mlangoni, kisha nje, na mgonjwa hutambua. Kutoka Lagangabilili hadi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Bugando, Mwanza, ni karibu zaidi, lakini wagonjwa wengi hufika huko ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, nao hurudishwa nyumbani.

Huko nyumbani ndiko mifarishi ya Marekani ilikokuja kufika mara ya pili. Shirika la msaada la Walutheri wa Marekani lilianzishwa mwaka 1945 kwa ajili ya Ulaya iliyoharibiwa na vita, na vikundi vya wanawake wa makanisa, hasa vya majimbo ya katikati ya nchi hiyo, vimeshona mifarishi tangu siku hizo. Hupimwa yapata sentimita 150 kwa 200, huungwa kwa vipande vya mashuka na mapazia ya zamani, na badala ya kushonwa bandi kila mahali hufungwa mafundo ya uzi mzito, kwani fundo ni la upesi na hustahimili kufuliwa. Washonaji wengi ni wanawake wazee. Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizopokea mifarishi hiyo, kwa ajili ya wakimbizi na kwa ajili ya wagonjwa. Ni wema usio na shaka, wala haupasi kudharauliwa na mtu ambaye hajashona hata mmoja. Ila mwenye macho ya historia ataona merikani imerudi, safari hii bila pembe za ndovu, kufunika watu wanaolima pamba.

Wala isidhaniwe kuwa kazi hii ni ngeni kwa mikono yenye asili ya Afrika Mashariki. Katika jimbo la Karnataka, Bara Hindi, wanaishi Wasidi, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa vipande vya sari na nguo kuukuu. Huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, na kila pembe huongezewa pembetatu ndogo, ambayo wao huiita ua. Mwaka 2004 waliunda ushirika wao wa kuiuza. Hawana pamba ya shambani. Wana viraka, sindano na jirani.

Kwa hiyo kinachokosekana Usukuma si pamba, si mikono, wala si desturi ya kufanya kazi pamoja. Ugumu uko mahali pengine. Elika huendeshwa na malipo: nilimie, nikulimie, au nipe chakula. Mgonjwa wa mwisho hawezi kurudisha kitu. Iko nzengo, jumuiya ya majirani, ambayo haidai kurudishiwa siku hiyo hiyo, lakini nzengo huitwa na kifo. Mtu akifa, wanaume huchimba kaburi, wanawake huleta maji, kuni na unga, na asiyefika hutozwa faini au hutengwa. Sheria hii haiandikwi mahali, nayo hufuatwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Mtu anayekufa kwa muda wa miezi sita hana sheria inayomlinda katika miezi hiyo. Kuja kumwona ni hisani. Kumzika ni wajibu. Sanda hununuliwa mpya, siku hiyo hiyo, hata kwa deni, na shuka alilolalia lilikuwa limechakaa tangu ugonjwa ulipoanza.

Msomaji atasema kuwa mfarishi ni ghali. Hesabu yake si kubwa. Pamba inayochumwa huwa na daraja mbili, pamba safi na pamba fifi, na fifi, iliyoingia madoa au takataka, huuzwa kwa bei ya chini. Kilo tatu za pamba yenye mbegu hutoa kilo moja hivi ya nyuzi, na kilo moja yatosha mfarishi mmoja. Kuondoa mbegu kwa vidole ni kazi ya kuchosha, lakini ni ya kukaa, nayo yaweza kufanywa na mwanamke mzee ambaye hashiki jembe tena. Uso huungwa kwa khanga zilizopauka na vitenge vilivyochanika, ambavyo kila nyumba inavyo. Kitu cha kununuliwa ni uzi na sindano ndefu, pengine na kitambaa cha bitana. Upungufu wake ni wakati wa kufua: ukilowa huwa mzito, na katika Itilima maji si ya karibu kwa kila nyumba, hivyo mgonjwa mmoja huhitaji miwili, mmoja ukiwa juani.

Uchumaji wa pamba humalizika Agosti katika mashamba mengi, na mbegu mpya haziingii ardhini mpaka mvua za Novemba. Kati ya hapo majembe huwekwa, na watu huwa na nafasi ya kutembeleana. Fifi iliyosalia bado imo ndani ya magunia, kando ya ukuta, mara nyingi katika chumba kile kile alimolala mgonjwa.