Mbiu ya Heshima na Kazi Yake

Wasikilizaji wetu, wazee walisema: Mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo. Lakini twajua kwamba mbiu ni za namna mbili. Moja huleta amri, naye asiyeitii hupata adhabu. Ya pili haimwamuru mtu kulipa wala kujenga. Ni ya heshima tu. Wengi huuliza: Basi faida yake nini? Na tuitafute faida hiyo katika historia ya ufuko wetu wa Ziwa, toka Mwanza hata Ukerewe.

Zamani za watemi wa Usukuma, ngoma za kitemi zilikuwa alama ya utawala wenyewe. Ilipolia ngoma hiyo, ilikuwa nchi isemayo, si mtu mmoja. Ngoma za namna hiyo zimewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza. Mwaka 1963 madaraka ya watemi yaliondolewa; lakini haja ya nchi kusema kwa sauti moja haikuondoka.

Haja hiyo ilionekana wazi tarehe 21 Mei, 1996. Siku ile meli MV Bukoba, iliyokuwa ikija Mwanza, ilipinduka ikazama. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430, nao waliokufa walizidi hesabu hiyo. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo kwa taifa zima. Tangazo lile halikumfufua mtu. Lakini mtu wa Lindi, asiyepata kuliona Ziwa maishani mwake, aliambiwa kwamba msiba ule ni wake pia. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mbiu ya heshima: kuifanya huzuni ya nyumba moja iwe ya nchi nzima.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi. Serikali ikiutangaza msiba mbele ya watu, imekiri kwamba maisha yale yalikuwa amana mikononi mwake. Tangazo huwa shahidi.

Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, katika kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101; waliokufa walizidi 220. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na bendera zikateremshwa nusu mlingoti. Ndipo kila mtu wa ufuko huu alipokuwa na haki ya kuuliza: Je, amana iliyokiriwa mwaka 1996 ilitunzwa?

Hatusemi kwamba mbiu ya heshima ni kelele tupu. Twasema ni deni. Siku za maombolezo zikiisha, bendera hupandishwa; lakini aliyeitoa mbiu hubaki na kazi yake, nayo ni kuhesabu abiria gatini kila siku, kabla chombo hakijang'oa nanga.