Uhuru au Maadili: Vizazi vya Wahafidhina wa Marekani na Ugomvi Usiokwisha

Vuguvugu la wahafidhina nchini Marekani, yaani mkusanyiko wa wanasiasa, majarida, taasisi za utafiti wa sera, makanisa na wafadhili wanaojinasibu kuwa walinzi wa mapokeo ya taifa hilo, mara nyingi huzungumzwa na walio nje yake kana kwamba ni kitu kimoja chenye kichwa kimoja, na tangu mwaka 2016 wengi wamelichukulia kuwa jina jingine tu la Chama cha Republican. Historia yake inakataa dhana hiyo. Tangu lilipojipanga katikati ya karne ya 20, limebeba mikondo ya fikra inayopingana katika jambo la msingi kabisa, nalo ni iwapo siasa ipo ili kumlinda mtu dhidi ya dola au ipo ili kumlea mtu awe mwema, na kila kizazi kilichokuja kimeufungua upya mjadala ambao wazee wake waliamini wameufunga. Kilichowashikamanisha wahafidhina kwa takriban miongo minne kilikuwa ni adui wa pamoja, Umoja wa Kisovieti, kuliko mwafaka wowote wa mawazo. Na kusambaratika kwa adui huyo mwaka 1991 kunaeleza mengi zaidi kuhusu hali ya leo kuliko tabia ya mwanasiasa yeyote mmoja.

Mwanzo wa vuguvugu hilo kwa sura inayojulikana sasa unahusishwa na jarida la National Review, lililoasisiwa Novemba 1955 na William F. Buckley Mdogo, Mkatoliki kutoka familia tajiri ya mafuta ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 30. Buckley aliyakusanya chini ya paa moja makundi matatu ambayo hayakuwa na sababu ya kupendana. La kwanza lilikuwa la watetezi wa soko huria, waliofuata hoja za mwanauchumi Friedrich Hayek kwamba serikali inayopanga uchumi huishia kupanga na maisha ya watu. La pili lilikuwa la wahafidhina wa mapokeo, waliomtazama Russell Kirk, mwandishi wa The Conservative Mind ya mwaka 1953, kama mwalimu wao, na ambao waliona kwamba dini, jamaa na desturi ndizo zinazoishikilia jamii, na kwamba soko lisilozuiwa linaweza kuzing'oa kwa nguvu ileile ya mapinduzi. La tatu lilikuwa la wakomunisti wa zamani walioasi imani yao, miongoni mwao James Burnham, aliyewahi kuwa mfuasi wa Trotsky, na Frank Meyer, aliyewahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti.

Meyer ndiye aliyejaribu kuyafunga makundi hayo kwa uzi wa nadharia. Katika kitabu chake In Defense of Freedom cha mwaka 1962 alishikilia kwamba wema hauna thamani usipochaguliwa kwa hiari, hivyo kazi ya serikali ni kulinda uhuru wa mtu, ilhali kazi ya kumfundisha mtu autumieje uhuru huo ni ya familia, kanisa na mapokeo. Hoja hiyo ilionekana kumpa kila mmoja fungu lake, lakini mwaka huohuo, katika kurasa za National Review yenyewe, L. Brent Bozell alimjibu kwa kuuliza swali ambalo halijapata kujibiwa kwa namna ya kuwaridhisha wote: ikiwa lengo la mwanadamu ni wema, kwa nini serikali isimsaidie kuufikia, na kwa nini uhuru uwekwe mbele kana kwamba wenyewe ndio lengo? Bozell hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa shemeji yake Buckley, na ndiye aliyeandika kwa niaba ya Seneta Barry Goldwater kitabu The Conscience of a Conservative cha mwaka 1960, ambacho kilikuwa mwongozo wa watetezi wa serikali ndogo kote nchini. Miaka michache baadaye alijitenga na wenzake na mwaka 1966 akaanzisha jarida la Kikatoliki la Triumph, lililoukosoa mfumo mzima wa kiliberali wa Marekani, pamoja na ule ubepari ambao rafiki zake waliutetea. Wahafidhina wa enzi hiyo walimwona kuwa mtu aliyepotea njia. Nusu karne baadaye vijana wasiopata kumwona wangerudi kwenye hoja yake karibu neno kwa neno.

Vijana walikuwamo tangu mwanzo. Septemba 1960 wanafunzi wapatao 90 walikusanyika nyumbani kwa familia ya Buckley katika mji wa Sharon, Connecticut, wakaunda jumuiya ya Young Americans for Freedom na kupitisha tamko fupi lililoandikwa na mwanahabari M. Stanton Evans, aliyekuwa na umri wa miaka 26. Tamko hilo liliweka pamoja uhuru wa kisiasa, soko huria, Katiba na mapambano dhidi ya ukomunisti, na yapo mambo mawili yanayostahili kuangaliwa. La kwanza ni kwamba wajumbe walibishana kama Mungu atajwe, na waliotaka atajwe walishinda kwa kura chache. La pili ni kwamba ukomunisti ulitajwa kuwa tishio kubwa kuliko yote, na katika hilo hapakuwa na mabishano ya maana. Ufa na gundi vilikuwamo katika waraka mmoja.

Haifai kuandika juu ya miaka hiyo bila kutaja doa lake kubwa. Wakati Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, National Review ilichapisha mwaka 1957 tahariri iliyotetea utawala wa wazungu katika majimbo hayo, na Goldwater mwenyewe aliipinga kwa kura yake Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Alipogombea urais mwaka huohuo alishinda katika majimbo 6 tu, jimbo lake la Arizona na matano ya Kusini, na tangu hapo suala la rangi limekaa ndani ya vuguvugu hilo kama deni ambalo kila kizazi hukirithisha kinachofuata. Buckley alikiri baadaye kwamba msimamo ule ulikuwa na kosa. Katika jambo jingine aliona mapema zaidi: mwaka 1962 alimshambulia hadharani Robert Welch, mwasisi wa jumuiya ya John Birch, aliyedai kwamba hata Rais Eisenhower alikuwa akiwatumikia wakomunisti. Kuanzia hapo jarida moja lilijitwalia mamlaka ya kuamua nani ni mhafidhina na nani si mhafidhina, na kwa muda mrefu uamuzi wake uliheshimiwa.

Vita vya Vietnam ndivyo vilivyoupasua umoja wa vijana. Agosti 1969, katika mkutano mkuu wa Young Americans for Freedom mjini St. Louis, walibertari, yaani wale wanaoamini kwamba serikali haina haki ya kumlazimisha mtu jambo lolote zaidi ya kutowadhuru wengine, walisimama dhidi ya wahafidhina wa mapokeo juu ya uandikishaji wa lazima jeshini. Walibertari walisema kwamba anayeikataa serikali inapomtoza kodi hawezi kuikubali inapomtwaa mwili wake na kumpeleka vitani. Wapinzani wao walijibu kwamba bila kuushinda ukomunisti hakuna uhuru wa kutetea. Mjumbe mmoja alipochoma karatasi mbele ya ukumbi kuashiria kadi ya uandikishaji, ghasia zikazuka. Karl Hess, aliyewahi kumwandikia Goldwater hotuba zake, alikuwa upande wa waasi. Wengi wao waliondoka au walifukuzwa, na mwaka 1971 Chama cha Libertarian kikaundwa, kikiwa ushahidi wa kwanza kwamba mwafaka wa Meyer unaweza kuvunjika hata adui akiwa bado hai.

Nafasi yao ilizibwa na makundi mawili mapya. Moja lilikuwa la wahafidhina mamboleo, wasomi kama Irving Kristol na Norman Podhoretz, waliotoka mrengo wa kushoto wa New York na kuvunjwa moyo na sera za ustawi wa jamii na ghasia za vyuoni; hao hawakuwa na ugomvi na serikali yenye nguvu, mradi itumie nguvu hiyo kulinda demokrasia duniani. La pili lilikuwa la Wakristo wa kiinjili, ambao hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba, pamoja na mabadiliko mengine ya jamii, iliwasukuma ndani ya siasa, na ambao mwaka 1979 walipata jukwaa la Moral Majority chini ya mhubiri Jerry Falwell. Ronald Reagan aliposhinda urais mwaka 1980 kwa kutwaa majimbo 44, kila kundi liliamini kwamba ushindi ni wake. Goldwater, ambaye vijana wa 1960 walimwona kama baba, alitumia miaka yake ya mwisho kuwakemea wahubiri kwa kutaka kuilazimisha nchi ifuate imani yao. Mwaka 1981 msomi wa Kusini Mel Bradford, mkosoaji mkali wa Abraham Lincoln, alikosa uongozi wa mfuko wa taifa wa taaluma za sanaa na historia baada ya wahafidhina mamboleo kumpigia debe William Bennett, na wenzake Bradford hawakuisahau siku hiyo.

Umoja wa Kisovieti ulipoanguka, kinyongo hicho kilipata sauti. Patrick Buchanan, aliyewafanyia kazi marais Nixon na Reagan, aligombea dhidi ya Rais George H. W. Bush mwaka 1992 akipinga Vita vya Ghuba, uhamiaji na mikataba ya biashara huria, na katika kura za mchujo za New Hampshire alipata zaidi ya theluthi moja ya kura dhidi ya rais aliye madarakani. Alishindwa, lakini karibu kila jambo alilolisema lilikuja kuwa sera ya chama chake baada ya robo karne. Wakuu wa vuguvugu walimhesabu kuwa masalia ya zamani, na huenda hilo ndilo kosa lao kubwa zaidi la karne iliyopita.

Upande ulioonekana kushinda ulikuwa wa watoto. William, mwana wa Irving Kristol, na John, mwana wa Norman Podhoretz, walikuwa miongoni mwa waliolianzisha jarida la The Weekly Standard mwaka 1995, wakirithi msimamo ambao baba zao waliufikia kwa njia ndefu ya kubadili mawazo, na jarida hilo likawa mstari wa mbele kudai uvamizi wa Iraki. Uvamizi ulipofanyika mwaka 2003, wahafidhina walioupinga waliitwa na David Frum, ndani ya National Review, watu wasio wazalendo. Buckley, miaka miwili kabla ya kufa kwake mwaka 2008, aliandika kwamba juhudi za Marekani nchini Iraki zimeshindwa, na ni vigumu kupata maneno yaliyokuwa mazito zaidi kwa vuguvugu alilolijenga.

Kizazi kilichopevuka katikati ya vita hivyo na msukosuko wa fedha wa 2008 hakikuwa na kumbukumbu ya ukomunisti. Kwanza kilimfuata Ron Paul, mbunge mzee wa Texas aliyepinga vita na benki kuu. Kisha sehemu kubwa yake ikahamia kwa Donald Trump, ambaye National Review ilitoa toleo zima kumpinga Januari 2016 bila kumzuia, na The Weekly Standard ikafungwa Desemba 2018. Mwaka 2019 Sohrab Ahmari, mzaliwa wa Tehran aliyeongokea Ukatoliki, aliandika katika jarida la First Things dhidi ya David French, mwanasheria Mprotestanti aliyehudumu jeshini Iraki, baada ya kukasirishwa na tangazo la wanaume waliovaa mavazi ya kike kuwasomea watoto hadithi katika maktaba ya umma. French alisema kwamba uhuru wa kukodi ukumbi wa umma unalinda makanisa vilevile. Ahmari alishikilia kwamba siasa haina budi kuielekeza jamii kwenye wema. Huo ni ubishi wa Meyer na Bozell, isipokuwa sasa hapakuwa na Moscow ya kuwalazimisha wagombanaji kuketi meza moja. J. D. Vance, Mkatoliki mwongofu aliyezaliwa mwaka 1984, aliuingiza msimamo wa kundi la Ahmari katika ofisi ya makamu wa rais.

Hata kundi hilo jipya halina amani. Charlie Kirk, aliyeanzisha jumuiya ya vijana ya Turning Point USA mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 18, aliuawa kwa risasi tarehe 10 Septemba 2025 akizungumza na wanafunzi katika chuo kikuu cha Utah Valley, na kifo hicho cha kusikitisha kiliondoa mtu aliyeweza kuzungumza na pande nyingi. Mwezi uliofuata mtangazaji Tucker Carlson alimhoji Nick Fuentes, kijana anayeeneza waziwazi chuki dhidi ya Wayahudi, na rais wa Heritage Foundation, Kevin Roberts, alipomtetea Carlson, baadhi ya wajumbe wa bodi na watafiti wa taasisi hiyo walijiuzulu. Mwaka 1962 Buckley aliweza kufunga mlango kwa makala moja; leo kila kijana mwenye simu ana mlango wake.

Kwa Afrika Mashariki ugomvi huu si wa mbali. Mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, uliotangazwa na Rais George W. Bush Januari 2003 na kuanza na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda miongoni mwa nchi zake za kwanza, ulikuwa zao la uhafidhina wa kiinjili ulioamini kwamba nguvu ya dola ya Marekani ina wajibu wa kimaadili nje ya mipaka yake. Warithi wake, wanaoamini kwamba wajibu wa taifa unaanzia na kuishia kwa raia wake, walisimamisha misaada ya nje Januari 2025 na kulivunja shirika la USAID, ambalo lilikabidhi shughuli zake kwa Wizara ya Mambo ya Nje tarehe 1 Julai. Katika siku ya mwisho ya shirika hilo Bush, ambaye huepuka kuwakosoa waliomfuata madarakani, aliwatumia wafanyakazi wa shirika ujumbe wa kuwashukuru na kuwakumbusha kuhusu watu milioni 25 ambao PEPFAR inakadiriwa kuwaokoa. Waziri aliyesimamia uvunjaji, Marco Rubio, alikuwa mtetezi wa misaada hiyohiyo alipokuwa seneta.