Faili Lililokatika Kayole

Stima ilipotea faili likiwa asilimia 91. Ilikuwa 2008, ndani ya saiba moja ya Kayole, bob moja kwa dakika, na nilikuwa nimekalia kile kiti karibu saa tatu. Kompyuta zilipowaka tena, faili halikuwepo. Zile mashine zilikuwa na programu ya kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa asubuhi, ili wateja wasiache virusi. Ikafagia megabaiti zangu pamoja na uchafu wa wengine.

Pesa hazikuwa zangu. Mama alikuwa mweka hazina wa chama, na wiki hiyo mtu alikuwa ameanza kuuliza, kwa sauti ya chini kwanza, mbona daftari lina kurasa zilizofutwafutwa. Nilimwahidi kwamba nikiweka OpenOffice kwenye kompyuta yetu ya mtumba, hesabu zitajijumlisha zenyewe, na programu yenyewe ni ya bure. Akanipa soo mbili. Sasa nilikuwa na kama thelathini mfukoni, na mkutano ulikuwa Jumapili.

Wakati huo intaneti ya Kenya ilipitia angani. Setilaiti iko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda huko, linashuka ng'ambo, jibu linapanda tena na kushuka kwako. Hapo nusu sekunde imeisha kabla hujapata chochote. Halafu ugawane njia hiyo na watu kumi wanaosoma barua pepe. Tulikuwa tukipata kilobaiti 10 kwa sekunde siku nzuri, na kwa mwendo huo megabaiti 100 ni dakika 166 na ushee. Fanya hesabu ya bob.

Jamaa wa saiba, tuliyemwita Fundi, aliniona nimeinamisha kichwa. "Boss, mbona unapakua kama tajiri?" akaniuliza. "Njoo nikifunga. Leta flashi."

Usiku ule alifungua dirisha jeusi, akaandika wget, kisha -c, kisha anwani ndefu. Faili likaanza kuingia moja kwa moja kwenye flashi. Laini ilikatika mara mbili. Kila mara alirudia amri ile ile, na faili likaendelea pale lilipokwama. Nilidhani ni uchawi.

Miaka baadaye ndipo nilipotafuta asili ya ile -c. Mwaka 1977, Ward Christensen wa Chicago aliandika programu ya kutuma mafaili kwa modemu kupitia laini za simu zenye kelele. Alilikata faili vipande vya baiti 128, kila kipande kikisindikizwa na jumla yake. Upande wa pili unajumlisha upya. Zikilingana, unasema leta kingine; zikikataa, unasema rudia hicho. Mtindo huo ukaitwa XMODEM. Lakini simu ikikatika kabisa, ulianza mwanzo. Mwaka 1986 Chuck Forsberg akatoa ZMODEM, ambayo iliweza kuendelea ilipoachia. Wavuti yenyewe ilichelewa: ni HTTP/1.1, mwaka 1997, iliyoweka rasmi njia ya kumwambia sava "nipe kuanzia baiti fulani", naye akajibu kwa namba 206, yaani hiki ni kipande tu. Watu hawa walikuwa Marekani, ila shida waliyoitatua ni ile ile ya Kayole: laini mbovu na dakika za kulipia. Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia eti teknolojia hutengenezwa kwa ajili ya walio na mtandao mzuri.

Turudi kwenye flashi. Asilimia 100 ilipotokea, niliichomoa kwa furaha nikakimbia nyumbani. Kubofya faili, kompyuta ikaniambia limeharibika. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Jumamosi asubuhi Fundi hakuliamini neno "limeharibika". Kwanza aliangalia ukubwa: ukurasa wa kupakulia ulitaja idadi ya baiti, na faili letu lilipungukiwa. Mkia haukuwa umeandikwa. Nilichomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kumwaga ilichoshika kwenye kumbukumbu. Kumbe sikuhitaji kupakua upya. Akaandika -c tena, mkia ukaja kwa dakika nne, bob nne. Kisha akalipima faili kwa MD5, ile namba ndefu inayobadilika yote hata baiti moja ikikosea, akailinganisha na iliyokuwa kwenye tovuti, herufi kwa herufi, kidole kwenye skrini. Zikalingana.

Jumapili Mama alibeba karatasi zilizochapwa. Kulikuwa na tofauti ya shilingi 350, na kila mtu aliona ilipotokea: mchango wa mtu ulioandikwa mara mbili mwezi wa Machi. Mwenye sauti ya chini ndiye aliyeomba aongezewe nakala.

Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009, na SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo. Saiba yetu iliendelea kuburuta miezi kadhaa zaidi, kisha siku moja kurasa zikaanza kufunguka kabla hujaondoa mkono kwenye kipanya. Nilimpongeza Fundi. Alikuna kichwa. Bei ilikuwa bado bob kwa dakika, akasema, na sasa watu wanamaliza kwa dakika tano.