Ufunguo unaingia, swichi inazunguka, injini haiwaki: historia fupi ya ufunguo wenye chipu

Tuseme umepata pikipiki kubwa iliyotumika, Honda au Yamaha. Bei imekaa vizuri, injini haina kelele mbaya, na muuzaji anakukabidhi ufunguo mmoja tu. Unasema si kitu, wa akiba nitachongesha kesho. Fundi funguo anakuchongea nakala kwa dakika chache. Unaichomeka, inaingia. Unazungusha, taa zinawaka. Injini? Haiwaki ng'o.

Fundi hajakosea, meno yako sawasawa. Kinachokosekana kimejificha ndani ya kichwa cha plastiki cha ule ufunguo wa kwanza: chipu ndogo kama punje ya mchele. Kwa bodaboda nyingi za kwetu, hizi Boxer na TVS, jambo hili halikuhusu, maana ufunguo wake ni chuma basi. Lakini ukishapanda kwenye pikipiki kubwa, ufunguo mmoja na funguo mbili ni vitu viwili tofauti kabisa. Kujua kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Kutoka umbo hadi taarifa

Kwa miongo mingi swichi ya gari ilikagua kitu kimoja tu: umbo la chuma. Mwizi hakuhitaji hata nakala ya ufunguo. Alivunja swichi, akagusanisha nyaya, akaondoka.

Mwaka 1986 General Motors walijaribu kitu kipya kwenye Chevrolet Corvette. Walipachika rezista ndogo kwenye ufunguo, na gari likawa linapima ukinzani wake kabla ya kukubali kuwaka. Udhaifu wake unaonekana haraka: thamani za rezista zilikuwa 15 tu, kwa hiyo mwenye seti nzima na subira angeweza kuzijaribu moja moja. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa kubwa. Ufunguo ulianza kubeba taarifa.

Miaka ya 1990 wizi wa magari uliisumbua sana Ulaya. Ujerumani hasa, baada ya mipaka ya mashariki kufunguka, kampuni za bima zilichoka kulipa na zikaanza kushinikiza. Mwaka 1995 Umoja wa Ulaya ukatoa agizo, na kufikia Oktoba 1998 magari mapya ya abiria yalitakiwa kuwa na imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambulika. Pikipiki hazikuguswa na agizo hilo. Watengenezaji waliamua wenyewe, na wakaiweka zaidi kwenye zile za bei kubwa.

Chipu inajibuje bila betri?

Hapa fizikia inapendeza. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya. Ukiwasha swichi, koili inatengeneza uga wa sumaku unaobadilika haraka, na uga huo unazalisha umeme kidogo ndani ya chipu. Umeme huo unatosha chipu iamke, ijibu, ilale tena. Ndiyo maana ufunguo wa zamani hauhitaji kubadilishwa betri.

Chipu za mwanzo zilitaja namba ileile kila siku, kama mtu anayepita getini kwa neno la siri moja. Ukilisikia mara moja, umelipata. Baadaye ikaja njia ya swali na jibu. Pikipiki inatoa namba ya kubahatisha, chipu inaikokotoa kwa kutumia siri yake, inarudisha jibu. Swali la leo si la jana, kwa hiyo kusikiliza peke yake hakukusaidii sana.

Nani anamtambulisha mgeni?

Sasa tufike kwenye kiini. Kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontroli boksi, ina orodha ya chipu inazozijua. Ufunguo mpya unaingiaje kwenye orodha hiyo? Kama ingekuwa rahisi, mwizi naye angejiandikisha. Wahandisi wakaweka kanuni inayofanana na desturi zetu: mgeni aletwe na mwenyeji.

Kwenye mfumo wa Honda unaoitwa HISS, kuandikisha ufunguo mpya kunahitaji ufunguo ambao tayari umeandikishwa, na mwisho ni funguo nne. Zikipotea zote, maelekezo ya kiwandani ni kubadilisha kontroli boksi. Yamaha kadhaa zilikuja na funguo mbili nyeusi za kila siku na moja nyekundu. Hiyo nyekundu kazi yake ni kuandikisha tu, na kitabu cha pikipiki kinakusihi uitunze nyumbani. Ukiipoteza, nyeusi zitaendelea kuwasha kama kawaida. Siku unayotaka kuongeza nyingine, utaambiwa ubadilishe mfumo mzima.

Umeona tatizo? Kanuni hii ilimfikiria mnunuzi wa kwanza, yule anayetoka dukani na kitabu na funguo zote. Mnunuzi wa tatu, ambaye ufunguo mwekundu ulibaki kwenye droo ya mtu asiyemjua, hakuwa akilini mwa mtu. Kwake, ulinzi uliotengenezwa dhidi ya mwizi unamfungia nje mwenye mali.

Je, ulisaidia?

Ndiyo, tusiupuuze. Watafiti Jan van Ours na Ben Vollaard waliangalia Uholanzi kati ya 1995 na 2008, wakakadiria kwamba imobilaiza ilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40, hata baada ya kuhesabu wezi waliohamia magari ya zamani. Marekani, ambako sheria haikulazimisha, Hyundai na Kia nyingi za kati ya 2011 na 2021 ziliuzwa bila kifaa hicho. Video za kuonyesha namna ya kuziiba ziliposambaa mitandaoni, wizi wake ulipanda vibaya. Kwa pikipiki tahadhari ni moja: chipu inazuia injini kuwaka, haizuii watu wanne kuibeba na kuipakia kwenye pikapu.

Lakini siri za chipu nazo hazikudumu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA walivunja chipu ya Texas Instruments iliyotegemea siri ya biti 40 tu. Mwaka 2012 ikafuata Hitag2. Mwaka 2013 Volkswagen walikwenda mahakamani London kuzuia utafiti kuhusu chipu ya Megamos, ukachapishwa 2015. Onyo lilikuwepo tangu 1883, pale Auguste Kerckhoffs alipoandika kwamba mfumo mzuri ubaki salama hata adui akijua unavyofanya kazi.

Na hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Vile vifaa vya kunakili chipu unavyoviona leo kwenye meza za baadhi ya mafundi vinawezekana kwa sababu chipu nyingi za zamani ni dhaifu. Udhaifu unaomnufaisha mwizi ndio huohuo unaomwokoa mnunuzi mwaminifu aliyeachiwa ufunguo mmoja.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza funguo zilikuja ngapi na kama kulikuwa na nyekundu. Kama upo mmoja tu, piga bei ukilijua hilo. Halafu nenda kwa wakala au fundi mwenye vifaa wiki hiyohiyo, na kadi ya pikipiki mkononi. Ukiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, bado una mwenyeji wa kumkaribisha wa pili. Ukiudondosha kwenye daladala, mazungumzo yanahama kutoka bei ya ufunguo hadi bei ya kontroli boksi.