Aliyoyasema Mwalimu Diamond Jubilee, na ambayo hakuyasema

Mashabiki wa mpira huyatamka kabla ya mechi ya watani. Wanasiasa huyaazima kila uchaguzi unapokaribia, wengine wakijitahidi kuiga hata sauti. Siku hizi maneno hayo yamezoeleka kwa mpangilio wa nia, sababu, uwezo. Mwalimu Julius Nyerere hakuyapanga hivyo. Mbele ya wazee wa Dar es Salaam, katika ukumbi wa Diamond Jubilee, tarehe 2 Novemba 1978, alianza na uwezo: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo."

Alianza na jambo ambalo siku hiyo lilikuwa na mashaka kuliko mengine yote.

Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalikuwa yamevuka mpaka na kuteka ardhi yote iliyo kati ya mpaka huo na Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi zetu waliufuata mstari wa digrii moja kusini ya ikweta bila kuujali mto, na Amin akadai kwamba mpaka wa haki ni mto wenyewe. Watu waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, na kiwanda cha sukari kikaporwa. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Tanzania ilikuwa na askari wachache sana katika kona ile ya kaskazini magharibi. Katika taharuki ya siku hizo za kwanza, wapiga mizinga wetu waliziangusha ndege tatu za jeshi letu wenyewe kule Musoma wakidhani ni za adui.

Kwa hiyo "uwezo tunao" ilikuwa ahadi iliyotamkwa kama vile tayari ni kweli. Msemaji alijua anachokifanya. Huyu ndiye aliyeitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, na mtu aliyepambana na hotuba ya Mark Antony sentensi kwa sentensi hahitaji kufundishwa jinsi maneno machache yanavyoweza kuinua watu vitini. Alichagua pia wa kuwaambia. Tangu enzi za TANU alikuwa na desturi ya kupeleka mambo mazito kwa wazee wa mji, na redio ikayafikisha kwa wengine wote. Baada ya hotuba, uwezo ukaanza kutafutwa: mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kwa kazi ya jeshi, mgambo wakaitwa, na Samora Machel akatuma kikosi kutoka Msumbiji. Jeshi ambalo halikufika askari 40,000 linakadiriwa kupanda hadi zaidi ya 100,000 katika muda mfupi.

Hata hivyo, ukiirudia hotuba hiyo leo utaona kwamba Kampala haimo. Alizungumzia mvamizi na wajibu wa kumpiga, akawaomba marafiki waliokuwa wakileta maneno ya suluhu waache. Kwamba Amin angeondolewa madarakani, na kwamba vijana wa Tanzania wangelala katika kambi za Uganda kwa miaka miwili, hakukuwa na dalili yake. Sisi tunaojua mwisho wa hadithi ndio tunaousoma mwisho huo katika mwanzo wake, na hapo ndipo sifa ya Mwalimu kama kiongozi wa vita inapopotoshwa, na wanaomtukuza na wanaomlaumu kwa pamoja.

Kabla ya mwaka 1978 kwisha, Waganda walikuwa wamesukumwa nje ya Kagera. Kama kazi ilikuwa hiyo tu, ilikuwa imekamilika. Januari 1979 majeshi yetu yakaingia Mutukula, upande wa Uganda, kwa maelezo kwamba pale palikuwa na mwinuko ambao Amin aliutumia kutupiga mizinga. Februari zikatekwa Masaka na Mbarara, miji ikabomolewa vibaya, na wengi wakaelewa kwamba hicho ni kisasi cha Kagera. Machi, pale Lukaya, Walibya waliotumwa na Muammar Gaddafi wakaingia vitani na kushindwa. Ndege yao ilikuja hadi Mwanza, lakini mabomu yakaishia kuua wanyama katika hifadhi ya Kisiwa cha Saanane. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na kila mara ilielekea kuwa ya mwisho.

Wakati huo Mwalimu alikuwa akisema kwa namna tatu. Watanzania aliwaambia habari ya kumpiga nduli Amin. Umoja wa Nchi Huru za Afrika aliuambia habari ya mipaka: umlaani mvamizi, madai yake yafutwe, fidia ilipwe. Kwa Waganda na dunia, serikali yake ilieleza kwamba vinapiganwa vita viwili, kimoja cha Watanzania kulinda usalama wao, na kingine cha Waganda kumwangusha dikteta wao. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979 uliitishwa ili hicho cha pili kiwe na wenyewe. Wapinzani wa Amin waliokuwa hawasikilizani wakaunda umoja wao na kumweka Yusuf Lule mbele. Mnamo 11 Aprili Kampala ikaanguka. Waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo walikuwa askari wa Tanzania, na kila aliyekuwapo aliliona hilo.

Je, alidanganya? Mimi naona hapana, lakini alikuwa akiufunika mwisho wa safari kwa lugha ya sheria, kwa sababu katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyotiwa saini Addis Ababa mwaka 1963 ilikataza nchi kuingilia mambo ya nchi nyingine. Alijua lawama inakuja, na ilikuja kweli. Katika mkutano wa wakuu uliofanyika Monrovia Julai 1979, Jaafar Nimeiri wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania waziwazi. Walau msimamo wake haukuzuka siku hiyo. Mwaka 1968 aliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, akiwa wa kwanza Afrika, na mwaka 1975 Tanzania iligoma kwenda kwenye mkutano wa wakuu kwa sababu ulifanyika Kampala, Amin akiwa mwenyeji. Alikwisha kuchoka na kimya cha Afrika pale Mwafrika anapouawa na Mwafrika mwenzake.

Amri zake nyingine za vita zinasemwa mara chache kuliko ile hotuba, ingawa zinamweleza vizuri zaidi. Kampala ilipokaribiwa, aliagiza barabara ya kuelekea Jinja iachwe wazi ili Walibya wapate pa kukimbilia. Hakutaka Waarabu waliokufa Kampala wageuke kisa kingine kati ya Afrika na ulimwengu wa Kiarabu. Hesabu ya namna hiyo haiimbiki, na labda ndiyo maana hakuna shabiki wa mpira anayeikumbuka.

Lawama ninayoona inamshika kweli ni ya baada ya vita. Lule alidumu madarakani siku 68. Godfrey Binaisa akafuata, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba mwaka huo, katika uchaguzi uliolalamikiwa sana, akarudi Milton Obote, rafiki wa Mwalimu aliyehifadhiwa Dar es Salaam tangu Amin alipompindua mwaka 1971, huku majeshi ya Tanzania yakiwa bado nchini. Kama vita vya pili vilikuwa vya Waganda, ilikuwa vigumu kuwashawishi Waganda wengi kwamba matunda yake wameyachagua wao. Mauaji ya raia yaliyotokea Luwero chini ya Obote yaliwapa hoja wale wote waliosema Mwalimu alimtoa mmoja akamrudisha mwingine.

Nyumbani bili ilifika. Gharama hutajwa kuwa dola milioni 500 hivi, ikaja pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta na madhara ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Wananchi waliombwa kufunga mkanda miezi 18. Waliokuwa wakipanga foleni ya sukari mwaka 1983 watakwambia kama uliwahi kulegezwa.

Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999. Julai 2000, huko Lomé, viongozi wa Afrika walipitisha mkataba wa kuunda Umoja wa Afrika, na kifungu chake cha nne kikaupa umoja huo haki ya kuingia katika nchi mwanachama penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ni haki ambayo yeye hakuwahi kuidai hadharani mwaka 1979; siku zote alisema analinda mpaka. Desemba 2015 ilipendekezwa itumike Burundi, nchi aliyotumia miaka yake ya mwisho kuisuluhisha, kwa kupeleka askari 5,000. Januari iliyofuata marais walikutana Addis Ababa, wakaamua wasipelekwe.