Mtama si chakula cha ndege

Wasee, kila ukame ukija tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mvua kukosa, sawa. Lakini njaa? Njaa ina historia.

Chukua Mbeere, ile Embu ya chini yenye joto, na Tharaka, ambayo 1984 bado ilikuwa Meru. Huko mvua imekuwa ikihepa tangu zamani, na wazee walijipanga. Walipanda mtama, mawele, kunde na mbaazi shamba moja, juu si rahisi zote zikauke pamoja. Mawele yalikaa ghalani muda mrefu. Mizinga ilikuwa mitini, na mbuzi wa kuuza mambo yakichacha.

Wakati wa ukoloni mahindi yakasambaa. Ugali mweupe ukawa maendeleo, mtama ukaitwa chakula cha ndege. Shida ni kwamba mahindi yakikosa maji yakitoa maua, kwisha. 1984 mvua ya mwezi wa nne ikakosa, serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Muulize shosho wako vile yalikuwa.

Kati ya 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo sehemu kavu za Kenya. Halafu mwisho wa 2023 na tena 2024, mafuriko.

Sikumaliza chuo, lakini hii hesabu haitaki digrii: hali ya hewa ikigeuka hivi, kutegemea mmea mmoja ni kamari.

Ukienda ocha Desemba, uliza ni nani bado ana mbegu za mtama. Zikiisha kwa wazee, sisi tutaanzia wapi?