Kanuni za Barua Pepe: Zikae Posta au Zikae Nyumbani?

Wengi wetu katika klabu hii tumewahi kuandika anwani ya bibi au mjomba kule Tanga au Mombasa, na tunazijua herufi S.L.P. Barua haiji mlangoni. Inawekwa posta, ndani ya kisanduku chenye namba, na mwenyewe huifuata na ufunguo wake au humtuma mtoto. Wakati mwingine kisanduku ni cha shule au cha ofisi, na watu wengi wanapata barua zao humo humo.

Naanza na posta kwa sababu historia ninayoieleza hapa ni ya posta pia, ila posta ya kompyuta. Swali lenyewe linaonekana dogo. Unataka barua pepe zijipange zenyewe: za mhadhiri folda hii, za benki folda ile, matangazo ya viatu mbali kabisa. Je, kanuni za kupanga uziweke kwenye seva, kule barua zinakofikia kwanza, au ndani ya programu iliyo kwenye kompyuta yako? Wataalamu wamelijibu kwa njia tofauti kwa karibu miaka 40, na kwa maoni yangu jibu lilibadilika kila mara kwa sababu moja: mahali barua inapolala palikuwa pamebadilika.

Mwanzoni hapakuwa na swali. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili zilizokaa karibu karibu lakini zikiunganishwa na mtandao wa ARPANET. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @. Siku hizo kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi, na barua zako zilikuwa faili ndani yake. Mwaka uliofuata Larry Roberts, aliyekuwa akiongoza ofisi ya serikali ya Marekani iliyogharimia mtandao huo, aliandika programu iitwayo RD. Ilimwezesha mtu kuona orodha ya barua na kuchagua ya kusoma. Posta na nyumbani palikuwa mahali pamoja.

Kanuni zenyewe, kwa maana tunayoijua leo, zinaonekana wazi katikati ya miaka ya 1980 katika chuo cha MIT. Thomas Malone na wenzake walijenga mfumo ulioitwa Information Lens. Mtu ambaye si mwanaprogramu aliweza kujaza fomu na kusema: ikiwa barua imetoka kwa fulani na inahusu mkutano, iweke hapa. Kanuni nyingi zilifanya kazi kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Lakini kulikuwa pia na anwani ya pamoja iliyoitwa Anyone. Ukituma ujumbe huko, mashine ya katikati iliupitisha kwenye kanuni za watu mbalimbali na kumpelekea yule ambaye kanuni zake zilionyesha kwamba angeutaka. Kwa hiyo tangu mapema kabisa watafiti hao walikuwa wamegusa pande zote mbili.

Upande wa seva ulipata chombo chake kikali mwaka 1990. Stephen van den Berg, wakati huo akiwa katika chuo cha RWTH mjini Aachen, Ujerumani, alitoa programu ya procmail. Ilifanya kazi kwenye mashine za Unix. Barua ikifika tu, kabla hujaiona, procmail iliisoma, ikaangalia faili yako ya kanuni, ikaamua. Ungeweza kuwa umelala, umesafiri, au kompyuta yako imeharibika, kazi iliendelea. Tatizo lilikuwa lugha yake. Kila kanuni ilianza na nukta mbili na sifuri, kisha mstari wa alama ambazo ukizitazama unadhani mtoto amechezea kibodi. Halafu procmail iliweza kuamrisha programu yoyote nyingine ifanye kazi kwenye seva. Kwa mjuzi hiyo ni raha. Kwa msimamizi wa seva yenye wanafunzi elfu kadhaa, ni sawa na kumpa kila mwenye kisanduku ufunguo wa chumba cha ndani cha posta.

Wakati huo huo, watu wengine walikuwa wakihamisha barua nyumbani. Kompyuta binafsi zilikuwa zimeenea, na kuunganishwa kwa simu kulilipiwa kwa dakika. Itifaki ya POP ilitolewa mwaka 1984, na toleo lake la tatu, lililodumu, mwaka 1988. Herufi mbili za mwanzo za jina hilo zinasimamia posta, na ndivyo ilivyofanya kazi: unakwenda, unafungua kisanduku, unachukua vyote, unarudi nyumbani, simu inakatwa. Mwaka huo huo wa 1988 Steve Dorner wa Chuo Kikuu cha Illinois alianza kuandika programu ya Eudora. Jina lilitokana na mwandishi Eudora Welty, ambaye hadithi yake fupi ya mwaka 1941 inahusu dada aliyegombana na familia akahamia posta kuishi. (Nilipolisoma hilo nilicheka. Kila ukoo una shangazi wa namna hiyo.) Eudora ilikuja kuwa na vichujio vizuri, na kuviweka kwenye kompyuta kulikuwa na mantiki kamili. Kama barua zote zinakuja kulala kwako, wa kuzipanga ni nani mwingine?

Lakini mantiki hiyo ilimhusu mwenye kompyuta. Hapa ndipo ninapoona historia ya kwetu inaingia, ingawa vitabu vya teknolojia havisimami hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, watu wengi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa walisoma barua pepe kwenye intaneti kafe, au saiba kama wanavyosema Kenya. Leo unakaa mashine ya dirishani, kesho ile ya pembeni. Kanuni iliyohifadhiwa kwenye kompyuta isingekufaa chochote. Ungeiacha pale kama mwavuli uliosahaulika. Hotmail ilifunguliwa Julai 1996 na Yahoo ikaleta huduma yake mwaka 1997, na kwa watu hawa barua zilikaa kwenye seva kwa sababu hapakuwa na nyumbani pa kuzipeleka. Walitangulia kuishi kama tunavyoishi sisi sote sasa.

Jibu la wataalamu kwa maisha ya namna hiyo lilikuwa limeanza mwaka 1986 Stanford, Mark Crispin alipobuni IMAP. Barua zinabaki kwenye seva. Wewe unazitazama kutoka mashine yoyote. Ila IMAP peke yake haikupanga kitu. Ukiwa na kanuni kwenye kompyuta ya nyumbani, nayo imezimwa, simu yako inapokea mafuriko yote. Ukiiwasha jioni, barua zinaanza kuruka kutoka folda moja kwenda nyingine mbele ya macho yako, baada ya simu kulia siku nzima.

Ndipo ilipokuja Sieve, maana yake chekeche. Tim Showalter aliandika hati yake rasmi, iliyotolewa Januari 2001. Kinachonivutia ni vile ilivyonyimwa nguvu kwa makusudi. Katika umbo lake la kwanza haina vigeu, haina mizunguko, wala haiwezi kuamrisha programu nyingine. Inaweza kuiweka barua kwenye folda, kuielekeza kwingine, kuikataa, kuitupa, au kuiacha. Waliojifunza kwa procmail waliiona kama kisu butu. Lakini seva ni mali ya wengi, na kanuni ya mmoja haitakiwi kuwalemea wenzake. Tena kuna jambo la busara: kanuni zako zikiwa na kosa, barua haipotei. Inabaki kwenye kikasha.

Kampuni kubwa zilichanganya pande mbili. Outlook ikiunganishwa na seva ya Exchange huweka kanuni nyingi kwenye seva, ila zile za kupiga kengele, kuchapisha karatasi au kupeleka barua kwenye faili ya diski yako hungoja mpaka ufungue programu. Gmail, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 2004 ikitoa gigabaiti 1, iliweka vichujio vyote kwake. Upande wa seva ukashinda.

Ushindi huo una gharama, na wanafunzi tunapaswa kuijua kwa sababu karo, viza na mikopo yetu yote inapitia kwenye kikasha. Kanuni ya seva hufanya kazi ukiwa umelala, na ya mwizi pia. Mtu akiiba nenosiri lako, mara nyingi hakai kusoma barua. Anaweka kanuni moja: kila barua yenye neno malipo ielekezwe kwake, kisha ifichwe kwenye folda usiyoifungua kamwe. Ukibadilisha nenosiri, kanuni haiondoki. Kanuni ya kwenye kompyuta yako inaishia kwenye kompyuta hiyo. Ya seva inakufuata kwenye simu, maktaba, popote.

Hata hivyo mimi naiweka kanuni ya kupanga kwenye seva, na za kompyuta naziacha kwa mambo ya pembeni kama kupaka rangi barua za familia. Sababu imo humu humu klabuni. Dada aliyekuwa sekretari wetu alipanga vizuri sana barua za wanachama wapya, za wahadhiri na za ukumbi, zote ndani ya programu ya kompyuta yake mpakato. Alipohitimu aliondoka nayo, kama ilivyo haki yake, na anwani ya klabu ikabaki na barua 640 katika kikasha kimoja. Kamati mpya imeziandika upya kanuni kwenye seva, saba kwa jumla. Kabla ya kuandika ya kwanza walifungua ukurasa wa kanuni kuona kama kuna nyingine zilizokuwa zikifanya kazi kimya kimya. Walikuta moja, ya miaka mitatu nyuma, ikipeleka nakala ya kila barua kwenye anwani ambayo hakuna aliyeitambua.